Lita Moja na Robo

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kikao cha harusi jana. Nyumba yangu hapa Migori, viti vyangu, mandazi ya mke wangu Dorah. Na aliyechekwa ni mimi.

Ajenda: gari la bibi harusi. Binti yangu Priscah anaolewa Jumapili tarehe 18, kanisani Homa Bay. Nikasema nitampeleka mwenyewe kwa Peugeot 404 yangu. Kisha shemeji Ondieki, aliyemwoa dada yake Dorah, akauliza kwa upole kama bibi harusi atalisukuma akiwa na shela au ataivua kwanza. Watu walicheka hadi mwenyekiti akamwaga chai. Chai yangu.

Ondieki ana Corolla. Imetoka Japani mwezi wa sita. Nailoni ya viti hajaitoa mpaka leo. Ukikaa, kiti kinalia kama bata.

Gari langu nililinunua kwa kuuza misumari chini ya mwavuli, kabla sijajua duka ni nini. Ndilo lililomleta Priscah kutoka hospitali, kilo tatu na robo, ndani ya blanketi. Ndilo litakalompeleka kwa mumewe. Nikasema hilo si jambo la kupigiwa kura.

Wakapiga kura. Alhamisi tarehe 15 nilete gari mbele ya kamati. Lisipowaka ufunguo ukizungushwa mara moja, Priscah anabebwa na Corolla. Yeye mwenyewe alitazama sakafu tu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeona tofauti iko wapi. Nyuma ya Corolla imeandikwa EFI. Maana yake haina kabureta. Pampu ya umeme inasukuma petroli kwa nguvu, nozeli zinainyunyiza ndani ya injini, gari linawaka bila maombi. Kabureta yangu inakohoa kila asubuhi kama mvuta tumbaku.

Basi nimeenda Oyugis. Kuna gari la Kijapani lililogongwa na lori la mchanga. Limeumia mbele na pembeni, lakini injini ni nzima. Nimerudi na injini, pampu na nozeli zote. Fundi Masese akaitazama injini, akalitazama 404, akatazama juu. Akasema itaingia, lakini itaingia kama mgeni asiyealikwa.

Nikamwambia aiingize tu. Mengine ni salamu.

Ijumaa, 9 Agosti

Imeingia. Nimegusa ufunguo, gari likawaka kabla sijamaliza kugusa. Nimelizima na kuliwasha mara nyingi, kwa raha tu, mpaka Masese akaomba niihurumie betri.

Sasa Masese anasema kuna kitu kimoja kimebaki. Kwa fundi hukosi kusikia kuna kitu kimoja kimebaki. Eti kabureta ilikuwa inakunywa kidogo kidogo, lakini pampu hii inapeleka petroli nyingi, na injini inarudisha isiyotumika kwenye tangi ikiwa na joto. Mvuke unakuwa mwingi. Tena petroli ikipungua lazima hewa iingie kujaza nafasi. Kwa hiyo tangi linataka mpira wa kupumulia, utoke juu ya tangi, upande juu kabisa, kisha ushuke hadi nje chini ya gari, na kivalvu kidogo cha kujifunga gari likipinduka. Kwa sasa amechomeka kipande cha mpira kikiishia ndani ya buti. Nisikizibe. Aje amalizie wiki ijayo.

Nimekataa. Gari hili lina miaka ishirini na tisa na halijawahi kufundishwa kupumua. Na nani kamwambia nitalipindua?

Jumapili, 11 Agosti

Balaa.

Tumempeleka Priscah kujaribu gauni kwa Bathsheba, mshonaji wake. Gauni kwenye buti, limekunjwa vizuri. Lilipotoka lilinuka petroli kuliko petroli yenyewe. Bathsheba akalivuta puani, akauliza kama mwali anaolewa na mtu au na kituo cha mafuta. Wateja wote wakageuka. Priscah akaniambia polepole, Tata, nitaingia kanisani nikinuka kibatari?

Nimefika nyumbani nikafikiri kwa akili ya biashara. Harufu ni petroli inayotoroka. Kinachotoroka huzibwa. Hata mtoto wa darasa la pili anajua.

Nimekata kizibo cha mti, nikakigongomelea kwenye ule mpira wa buti. Juu yake blada ya baiskeli, mizunguko tisa. Juu ya blada, gundi. Kisha kwa Mubarak, mwenye duka la spea, nikanunua kifuniko kipya cha tangi chenye kufuli na mpira wa ndani unaobana kabisa. Kile cha zamani kilikuwa na kitundu katikati. Miaka yote hii nilidhani ni kutu.

Masese alipita nikiwa namalizia. Akasimama, akamwambia Priscah, si mimi: dada, baba yako amelinyonga. Ukisikia linagonga huko nyuma, jua linaomba hewa. Nikamwambia arudi kwa spana zake.

Jumanne, 13 Agosti

Harufu hakuna. Hata kidogo. Ningeweza kusafirisha maua.

Lakini hilo si la leo. La leo ni hili, na naliandika taratibu. Asubuhi nimejaza tangi mpaka mdomoni. Nikaenda Awendo, nikarudi. Kilomita 42, kwa kusoma mita ya gari. Nikarudi pampu ileile nijaze tena, nione imetumika ngapi. Nilipofungua kifuniko kilivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeshiba. Msichana wa pampu akaanza kujaza. Ikafurika. Lita moja na robo.

Nikamwambia atikise gari. Akatikisa. Lita moja na robo.

Hiyo ni kilomita 33.6 kwa lita. Ondieki akijisifu sana hutaja kumi na nne. Nozeli hizi si za kawaida. Au mvuke uliokuwa unatoroka sasa unarudi kazini.

Kuna kitu kinagonga nyuma, ngo, halafu kimya, halafu ngo. Dorah akauliza ni nini. Nikamwambia ni jeki.

Alhamisi, 15 Agosti

Kamati yote uani kwangu. Nimegusa ufunguo kwa kidole kimoja, nikiwa nimesimama nje ya mlango, uso nimemgeuzia Ondieki. Likawaka.

Walipiga makofi. Mwenyekiti alitangaza: bibi harusi, 404. Corolla itabeba shangazi na masufuria. Nilitamani kuiomba kamati irudie kipengele cha masufuria, kiingie vizuri kwenye kumbukumbu.

Kisha nikawatajia hesabu ya Awendo. Ondieki akasema shemeji, rudia hiyo hesabu, hata pikipiki haifiki hapo. Nikamwambia hesabu haina wivu, watu ndio wanao. Akasema basi Jumapili atabeba mtungi wa petroli nyuma yetu, kwa usalama. Nikamwambia abebe maji ya kunywa, shangazi ni wazito.

Priscah alicheka. Mara ya kwanza tangu kikao kile.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika nikiwa Homa Bay, kwa wakwe, na suti bado mwilini.

Tulitoka Migori vizuri. Priscah nyuma na mama yake, gauni limejaa kiti kizima. Tangi nililijaza hadi mdomoni jana nikitoka dukani. Halikutaka nyingi, nikafurahi. Corolla nyuma yetu. Mpaka Rongo, ngo moja. Baada ya Rongo, ngo nyingi. Dorah akasema hiyo jeki imechoka. Karibu na Rodi Kopany ikaja moja kubwa, kama mtu kapigwa sufuria kichwani, na gari likanyamaza. Katikati ya soko.

Nikazungusha ufunguo. Halikuwaka. Nikazungusha tena. Wanaume wa sokoni wakaja, wakalizunguka gari na kuanza kulitibu kwa mdomo. Mmoja akasema omera, ndugu yangu, ni plagi. Mwingine akasema hapana, hii gari imezeeka tu, iachwe. Nikaenda kufungua kifuniko cha tangi. Ufunguo wake uko Migori, kwenye suruali ya dukani. Wa pili pia. Niliufunga pamoja na wa kwanza ili usipotee.

Ondieki akashuka. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akafungua mlango wa mbele wa Corolla, akamteremsha shangazi mmoja, akapangusa kiti, akamwambia Priscah karibu mwanangu, muda umeenda.

Priscah akashuka. Nikaangalia bonneti. Sikutaka kuona akiingia.

Hakuingia. Aliomba makasi tuliyoazimwa na Bathsheba, yaliyokuwa kwenye kapu la shangazi, akaja kwenye buti na shela yake, akainama. Akakata ile blada, mizunguko yote tisa, akang'oa kizibo kwa meno. Kwa meno, na rangi ya midomo. Tangi likavuta pumzi ndefu ajabu, mpaka mama muuza dagaa wa omena aliyekuwa karibu akarudi nyuma. Priscah akafuta mdomo. Akasema Masese alituambia, Tata. Washa.

Likawaka.

Akarudi kiti cha nyuma, akafungua vioo vyote, akamwambia Ondieki asante, nina gari. Kutoka Rodi Kopany mpaka kanisani nilikuwa nikipangusa macho, kwa sababu ya petroli. Ilikuwa petroli.

Aliingia kanisani mkono wake ndani ya wangu, akinuka kibatari. Mpiga picha alizima sigara yake tulipopita mlangoni. Bwana harusi alipiga chafya mara mbili, kisha akatabasamu. Mtoto huyu ameolewa vizuri.

Jumanne, 20 Agosti

Migori. Masese ameshusha tangi. Limebonyea pande zote kama mkebe uliokanyagwa. Akalijaza maji kwa kipimo mbele yangu: lilikuwa la lita hamsini, sasa linaingia thelathini na nne. Eti kila nilipojaza, halikuwa limetumia kidogo. Lilikuwa limesinyaa.

Ni maelezo mazuri kwa mtu asiyependa hesabu. Lita moja na robo niliiona kwa macho yangu, kwenye pampu iliyokaguliwa na serikali. Kasoro ni bati. Bati la mwaka 1967 ni jepesi, halikutengenezwa kwa nguvu za nozeli. Nimemwagiza alichomelee tangi jipya la bati la milimita tatu. Halitabonyea hata likikaliwa na kiboko. Kizibo nimechonga kipya, cha chuma, kisichong'oleka kwa meno.

Masese akauliza tangi lisipobonyea, ni nini kitabonyea. Nikamwambia hakuna.

Ondieki alipita jioni. Alizungukazunguka, akasifu harusi, mwishowe akauliza kile kifuniko cha kufuli nilikipata wapi. Nikamwelekeza kwa Mubarak. Yeye pia ni familia.

Tangi likikamilika naenda Ntimaru kuchukua mahindi. Kilomita hamsini na tano, kwa 33.6, ni lita moja na kitu. Dorah anataka tubebe mtungi. Nimekataa, ni uzito wa bure.

Naweka lita mbili. Sipendi kubahatisha.