Jemadari Anakufa Mapema Mno

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza kuijalidi upya riwaya ya Jemadari. Kazi safi! Nakala hii ya maktaba ilirudishwa imelowa chai upande wote wa chini, uzi umekatika, jalada linaning'inia. Nikaifumua, nikaianika, nikakata nusu inchi chini kwa mashine. Doa likaondoka. Namba za kurasa nazo zikaondoka, lakini nani husoma namba? Mafungu ya kurasa yaliniponyoka kidogo nikiwahi chai, yakatawanyika sakafuni. Nikayapanga tena kwa macho. Ukikaa miaka kumi na tisa kwenye chumba cha nyuma, gundi kwenye kucha, macho yanazoea.

Sasa jambo kubwa. Mwenyekiti wetu wa Chama cha Wasomaji anahamia kwa binti yake. Jumamosi tunachagua mwingine. Wagombea wawili: mimi na Mfamasia. Kila mmoja atasema neno juu ya riwaya hiihii, kisha kura.

Nautaka uenyekiti huu kuliko ninavyothubutu kumwambia mtu. Mwenyekiti hukaa mbele, kwenye kiti chenye mikono, na akifungua mdomo watu hunyamaza. Mimi nikifungua mdomo watu huuliza nani kaleta gundi.

Naanza kusoma leoleo. Tuzo tatu! Magazeti yote yameisifu!

Jumanne, 4 Machi

Nimevunjika moyo kabisa.

Jemadari alizaliwa vizuri, nikafurahi. Kabla hajaota meno akazikwa kwa heshima zote za kijeshi. Nikafunua ukurasa, yuko harusini kwake. Nikafunua tena, anajifunza kutembea. Sentensi nyingine inaanzia chumbani inaishia zizini: "Malkia aliifungua barua kwa mikono inayotetemeka, akasoma kwamba punda wawili wana kikohozi." Nimeisoma mara nne. Hao punda wanahusika vipi?

Sura hazina namba, zina majina ya mito tu. Mwandishi huyu ana dharau. Mwishoni kabisa mtoto anafundishwa kupanda punda, na sentensi ya mwisho haina hata nukta. Tuzo tatu!

Mke wangu naye ni mwanachama. Yeye ameazima nakala ya dada yake. Nilimuuliza ameonaje. Akasema hajawahi kusoma kitabu kilichopangika vizuri hivyo. Ndoa ni safari ndefu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda duka la dawa kumpeleleza mpinzani. Nikajifanya nina kikohozi. Mfamasia akanipimia dawa kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi, kisha mwenyewe akaleta habari za riwaya. Akasema alilia Jemadari alipokufa pale mwisho.

Pale MWISHO!

Nilitaka kuruka juu ya kaunta. Jemadari anakufa kabla ya meno! Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo. Kwa hiyo bwana mkubwa hajasoma! Kasikia juujuu, kaongeza machozi ya uongo, anataka kukalia kiti chenye mikono.

Nikalipa dawa kwa furaha. Nimeinywa pia, ili fedha isipotee. Siku za mwizi arobaini, na Jumamosi ni ya arobaini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandaa Ushahidi Mkuu. Kurasa nne, mistari iliyonyooka. Jemadari anakufa wapi. Anaoa lini. Punda wanaingia mara ngapi. Nitamwacha Mfamasia azungumze kwanza, alie kama anavyopenda, kisha nitasimama na kitabu mkononi nimwanike kama shuka.

Nilimdokezea mke wangu kwamba kuna mtu chamani hajasoma kitabu. Akauliza nani. Nikasema Jemadari anakufa mwanzoni na kuna watu hawajui. Akaacha kukunja nguo. Akasema, baba watoto, Jemadari anafia kurasa za mwisho, na yeye mwenyewe alilowesha mto kwa machozi.

Kikulacho ki nguoni mwako! Yeye na mke wa Mfamasia wanasuka nywele kwa msusi mmoja. Wamesimuliana huko. Akaniomba nimletee nakala yangu aitazame. Nikakataa. Silaha haionyeshwi kabla ya vita.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwajiri shemeji. Ni kaka wa mke wangu, kinyozi, si mwanachama, lakini ana viganja vikubwa. Atakaa nyuma kama mgeni. Nikivua miwani, apige makofi kwa nguvu, wengine watafuata. Bendera hufuata upepo. Akauliza malipo. Nikamwahidi uanachama wa heshima. Akasema heshima hailiwi, basi tukakubaliana nimjalidie daftari lake la wateja.

Nimepiga pasi suti. Nimesugua kucha kwa mafuta ya taa, gundi bado ipo. Nimelijaribu neno "wanachama wenzangu" mbele ya kioo. Linanipendeza.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Wanachama kumi na sita, shemeji simhesabu. Mkutubi Mkuu, yaani bosi wangu, mstari wa mbele. Mfamasia akazungumza vizuri, akafika kwenye kifo cha Jemadari, sauti ikakatika, akaomba radhi. Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba ndugu yetu hajakisoma kitabu. Nikakifungua, nikasoma kwa sauti kuzaliwa, halafu kuzikwa, halafu barua ya Malkia na punda wenye kikohozi.

Wakacheka. Nilidhani wanamcheka Mfamasia! Nikaongeza sauti, nikawasomea na harusi.

Mfamasia akaomba kukiona kitabu. Akafunua taratibu. Akatazama chini ya ukurasa, ambako namba huwa. Akamwonyesha Mkutubi. Mkutubi akaniuliza, kwa adabu, nani aliyekijalidi.

Jasho likanitoka kichwani hadi kwenye soksi. Nikavua miwani nijifute.

Shemeji akapiga makofi! Kwa nguvu zote, peke yake, na mbinja juu yake.

Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Walipouliza wanaomtaka Mfamasia, niliinua mkono kuomba kueleza jambo la unyevu na karatasi. Nikahesabiwa. Kumi na nne kwake, kwani yeye hakujipigia, muungwana yule. Moja kwangu.

Tulipofika mlangoni kwetu nikamuuliza mke wangu ile moja ilikuwa ya nani. Akasema niingie ndani, chakula kinapoa. Niliona aibu, nikaona na upendo, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Nikala.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutubi ameagiza kitabu kifumuliwe na kupangwa upya leo. Nimetumia nakala ya dada wa mke wangu, fungu kwa fungu. Malkia hasomi habari za punda hata kidogo. Anasoma kwamba Jemadari amejeruhiwa.

Nikajikuta nasoma. Sikula mchana. Nikafika mwisho, Jemadari akafa kweli, vumbi la karatasi likaniingia macho yote mawili. Mkutubi akapita, nikamwambia ni vumbi.

Hata hivyo nimetafakari. Bado kimenivunja moyo. Kinaanza na kuzaliwa na kinaishia na kufa. Jambo gani geni hapo? Mpangilio wangu ulikuwa na ujasiri. Mtu anazikwa halafu anajifunza kutembea! Nimemwandikia mwandishi barua kumshauri toleo lijalo. Nimemtajia punda.

Saa tisa Mfamasia akaingia chumba changu cha nyuma. Mwenyekiti mpya, mwenyewe! Akasema hana kinyongo, fundi ni fundi, na kuonyesha imani yake ameniletea nakala yake nimtengenezee uti wa mgongo uliopasuka. Ina saini ya mwandishi. Akaniomba niitunze kama mboni ya jicho.

Nimeguswa. Nitamfanyia kazi atakayoikumbuka maisha yake yote, na uchaguzi ujao atanipigia kura mwenyewe. Nimeshaifumua. Chini kuna alama ndogo ya dawa ya kikohozi, haipendezi. Nusu inchi itatosha. Saini nayo iko hukohuko chini, lakini mwandishi ameiandika ndefu mno, itabaki ya kutosha.

Kengele ya chai hiyo. Nayabeba mafungu yote kwa mkupuo mmoja, niyapeleke kwenye mashine nikipita. Uzoefu ninao.