Msimamizi Mwaminifu Kuliko Wote

Wakili hakuwa wakili. Miaka kumi na mmoja alibeba mafaili na chai katika masjala ya mahakama, akafukuzwa kwa sababu ambazo hakupenda kuzieleza, na alichoondoka nacho ni maneno. Mirathi, makazi, wadhifa: aliyatamka taratibu, kama mtu anayetafuna nyama ya bure. Kutwa alikaa nje ya lango la mahakama, suti moja, mkoba mtupu, akisubiri uso wenye tamaa.

Asubuhi hiyo uso ulijileta wenyewe. Mwanamume mmoja alikuwa anamlalamikia mlinzi kwamba kaka yake kafariki, kaacha nyumba na karakana ya useremala, na mjane na watoto wawili wamevikalia. Wakili akasogea, akampa pole nzito kuliko ya wafiwa wenyewe. Kabla jua halijawa kali walishaelewana: Wakili ateuliwe msimamizi wa mirathi, maana ni mtu wa nje asiye na upande, kisha nyumba iuzwe wagawane kwa mbili. Moyoni Wakili alishagawanya kwa moja.

Kilichobaki ni ridhaa ya mjane. Alimkuta barazani akishona sare za shule, midomo ikisali polepole. Akaketi bila kukaribishwa, akaanza somo. Makazi, alieleza, si pale mtu anapolala, bali pale sheria inapomtambua; na kwa kuwa mwaka jana alikwenda miezi mitatu kumuuguza mama yake, makazi yake yalishahama, yeye mwenyewe hana habari. Ila msimamizi mwenye huruma angemruhusu abaki kidogo.

Mjane akakata uzi kwa meno. "Na huyo msimamizi, baba, kazi yake hasa ni nini?"

"Kushika kila kitu cha marehemu, mama. Mpaka kijiko."

"Na kikipotea?"

"Anajibu yeye mbele ya hakimu. Ni wadhifa mzito, wengi wanaukimbia."

Mjane akasema basi hana pingamizi, mradi waandikiane.

Siku ya uteuzi mjane alikuja masjala na karatasi mbili za vifaa vya karakana, kimoja kimoja: randa sita, misumeno tisa, mashine ya kupasulia mbao na jenereta yake, makabati manne yaliyokwisha kutengenezwa. Chini aliandika kwamba msimamizi amevipokea vyote vikiwa vizima. Wakili, ambaye akili yake ilikuwa kwa dalali wa nyumba, akasaini bila kusoma, karani akashuhudia na kugonga muhuri.

Wakili alipofungua karakana alimkuta mjusi peke yake. Shemeji mtu, yule yule wa langoni, alishasomba kila kitu wiki ile ile ya mazishi, na miezi saba mjane alikuwa akimfuata kwa upole na kurudishwa kwa matusi. Hakimu naye, karatasi zile mbili mkononi, akatamka kwamba nyumba haiguswi mpaka vifaa vionekane; visipoonekana, msimamizi atapewa makazi mapya, yenye askari mlangoni.

Ndipo mtaa ukaona maajabu. Wakili alimvamia shemeji mtu nyumbani kwake alfajiri.

"Si tulikubaliana, ndugu yangu?" aliuliza yule bwana.

"Mimi ni mtu wa mahakama. Na hilo kabati ulilotundikia makoti ni la marehemu. Toa makoti."

Akatisha, akabembeleza, akasukuma mkokoteni mwenyewe siku tisa. Mjane alikaa barazani akipiga alama kila kinachoshuka. Hakimu akaridhika, nyumba na karakana vikaandikwa kwa mjane na wanawe, kwa saini ya Wakili huyo huyo.

Mjane akamletea maji ya kunywa. Akasema hajapata kuona msimamizi mwaminifu kiasi kile, na hakimu naye kamwambia hivyo hivyo.

"Mungu hakukuleta kwangu peke yangu, baba. Kuna mwenzangu mtaa wa pili, shemeji zake wamebeba mpaka milango. Nimemwita."

Wakili akageuka kutafuta pa kutokea. Yule mjane wa mtaa wa pili alikuwa anaingia, na nyuma yake dada zake watatu, wote wajane.