Mashine Namba Moja Haina Kipanya

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mayaka amekubali! Miaka mitatu tunaendesha saiba, duka la intaneti, pamoja hapa Karungu, kompyuta sita, zote Linux, na miaka mitatu nimevumilia Cinnamon yake, ule mpangilio wa skrini anaoupenda. Menyu chini kushoto, saa kulia, picha ya maua. Sebule ya mchungaji kabisa! Mimi ni mtu wa i3. Hakuna menyu, hakuna aikoni, hakuna maua. Madirisha yanajipanga yenyewe ubavu kwa ubavu, unaamuru kwa vitufe tu. Raha iliyoje!

Makubaliano: mashine namba moja ni yangu mpaka Jumapili. Wateja wakiipenda, zote sita zinakuwa i3. Wakiikataa, nafuta i3 hata kwenye laptopu yangu na kuishi na maua maisha yangu yote. Mayaka alitaka tuombe kwanza. Nikasema amina haraka kabla hajabadili nia.

Jumanne, 4 Machi

Mteja wa kwanza, mwalimu Machuki. Alikaa, akatazama skrini nyeusi, akasema stima imepotea. Nikamweleza kwamba imewaka, uzuri wake ni huo utulivu. Akahamia namba nne. Mayaka akakohoa. Kikohozi kile nakijua, kina kicheko ndani.

Nimegundua tatizo. Watu wanaona mashine zingine zina kipanya, wanatamani. Mayaka alipoenda kula nilikusanya vipanya vyote kwenye gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, nikasema vimepelekwa kusafishwa. Akaniuliza na nani. Nikasema na fundi. Akatoa kipanya kingine kwenye begi lake, akaendelea na kazi. Mtu gani anatembea na kipanya cha akiba?

Vyote vimerudi mahali pake. Vinanuka omena.

Jumatano, 5 Machi

Mandazi! Yeyote anayekaa namba moja anapewa mawili, ya moto. Wateja tisa! Walikaa, wakala, wakaondoka. Wa tisa alimuuliza Mayaka kama namba tano nayo ina mandazi. Nimeandika tisa. Tisa ni tisa.

Jioni tulibishana vizuri sana. GNOME, mpangilio mwingine wa skrini, Mayaka haipendi, anasema imeficha kila kitu kama sukari wageni wakija. Hapo tunapatana. KDE nimeishi nayo mwaka mzima: unaingia kwenye mipangilio asubuhi kubadilisha rangi, unatoka jua limezama na rangi ni ile ile. Hapo pia tunapatana. Tukacheka mpaka jirani akachungulia. Kusema kweli nampenda huyu mtu. Ni ladha yake tu iliyooza.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu, siku gani hii!

Saa nane aliingia Risper kuandika kijitabu cha mazishi ya babu yake. Mwili unatoka mochari ya Homa Bay kesho asubuhi, mazishi kesho hiyo hiyo, vijitabu mia mbili vinatakiwa leo. Mashine zingine zimejaa, kama kila Ijumaa. Nikamkalisha namba moja na kumpa sheria moja tu: kabla ya kuiamuru mashine jambo lolote, bana kwanza kile kitufe chenye alama ya dirisha. Msichana ana adabu. Akatii.

Akaandika kurasa nane. Herufi kubwa tupu, kwa heshima ya mzee, kidole hakitoki kwenye Shift. Nyimbo, wajukuu, vitukuu, yote. Mayaka alikuwa anapita nyuma yake akitazama. Nami nilikuwa natembea kifua mbele!

Mayaka ni Msabato, kwake Sabato inaanza Ijumaa jua likizama; saa kumi na mbili alisema Sabato njema, akaenda zake. Risper alikuwa amebakisha mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Kistari akaona si herufi, basi lazima ni amri. Akabana kitufe changu, Shift bado kidoleni, akagonga. Kijitabu kikatoweka. Skrini nyeusi!

Alisema Kwara, yaani babu yake, amempotea mara ya pili wiki hii. Nikamuuliza kama alihifadhi. Akasema sikumwambia ahifadhi, nilimwambia abane kitufe.

Nikagonga kila kitu. Yakafunguka madirisha kumi na moja, kila moja dogo kuliko lingine. Ukweli ni huu, na nauandika hapa tu: mipangilio ya i3 yangu niliinakili kwa mtu mtandaoni. Sijawahi kuisoma. Risper akaanza kulia, kimya kimya, na hapo nikaona aibu ya kweli. Nikakimbia kwa Mayaka.

Walikuwa wameanza wimbo wa kufungua Sabato. Akasema hafanyi kazi, na ninajua. Mkewe Bathsheba akamuuliza, je, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, anaachwa? Mayaka akavaa viatu.

Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, asiguse kitu. Akaniambia nifungue faili la mipangilio nisome kwa sauti, mstari kwa mstari. Nikasoma. Yeye na Risper wameinamisha vichwa kama wako kanisani. Nilipofika mstari wa tisini na nne akasema rudia. Kitufe changu, Shift na kistari: dirisha liende stoo. Stoo! i3 ina stoo, na mimi mwenyewe sikujua! Mstari uliofuata: kitufe hicho hicho na kistari, bila Shift, dirisha lirudi.

Nikabana. Kwara akarudi, kurasa nane kamili. Risper akapiga kelele Nyasaye duong', Mungu ni mkuu! Akanikumbatia, kisha akakumbuka nani alimpoteza, akaniachilia. Mayaka akasema amina, akarudi nyumbani kwenye wimbo wake.

Vijitabu mia mbili vimetoka. Nimemwambia Risper achukue bure, na mandazi yaliyobaki.

Jumapili, 9 Machi

Kura zimehesabiwa. Mayaka aliuliza wateja wote wa wiki. i3: hakuna. Wale tisa walipigia kura mandazi.

Alifuta i3 kwenye laptopu yangu yeye mwenyewe, taratibu, akaniachia nichague maua. Nimechagua alizeti. Sina uchungu. Risper alipita kusema kijitabu kimesifiwa mpaka na wakwe. Tumekula samaki kwa Mayaka, Bathsheba ameniongezea ugali mara mbili. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari, na kosa liko wazi. i3 ina faili la mipangilio, ndiyo maana mtu ananakili bila kusoma. Asubuhi nimekutana na kitu kinaitwa dwm. Hakina faili hilo kabisa! Ukitaka kubadilisha hata rangi, unaingia kwenye programu yenyewe, unaandika, unaijenga upya. Nani atanakili ovyo hapo? Na mimi niliapa kuhusu i3 tu.

Mayaka yuko Kisii mpaka Jumatano. Nimeiweka namba moja. Bado sijui namna ya kuifunga, lakini kuwaka inawaka.

Jumamosi kuna mazishi mawili, mojawapo kule Magunga. Ijumaa saiba itafurika, na Mayaka ataondoka saa kumi na mbili. Nafasi iliyoje!