Joka ya Njia ya Pweto

Siku ya kwanza, 9 Juni.
Baridi! Nasoma kitabu cha Graciella, mutoto wa dada yangu. Bantu bane balifungwa ndani ya muchezo ya telefone. Banaua manyama, banapanda niveau, ngazi kwa ngazi. Kila muntu na ubovu wake! Mupiganaji anaogopa kuku. Muchawi ni muchoyo, anachunga dawa yake mpaka vita inaisha. Ni Kangwa kabisa, kaka ya muke wangu! Na Tobo, mwizi, muongo sana, moyo muzuri. Huyo nilimupenda palepale. Nilicheka mpaka Germaine, muke wangu, akauliza kama ni malaria.

Siku ya tatu, 11 Juni.
Kwa Madeleine, kwenye tunakunywa munkoyo, pombe ya mahindi, iko kiti kimoja tu chenye mikono. Ni cha mushindi wa masimulizi. Mwaka muzima Kangwa alikikalia na hadithi yake ya mamba ya Kilwa. Mimi, benchi! Leo nikasimama, nikageuza mambo ya Tobo kuwa yangu. Nikasema kwenye barrière, kizuizi cha polisi cha njia ya Pweto, nilipambana na joka, nikaiba ufunguo yake, nikapanda niveau ya kumi na mbili. Makofi! Kangwa akauliza kama joka iliomba makaratasi. Nikamujibu ndiyo, na yangu ilikuwa sawa. Kiti ni changu.

Siku ya tano, 13 Juni.
Asubuhi nasoma sura, jioni nasimulia. Bananiita Tonton Douze, Mujomba Kumi na Mbili! Germaine anasema Pweto sikufika hata siku moja, tumbo ilinirudisha njiani. Wivu.

Siku ya posho (Jumamosi), 14 Juni.
Mateso! Jana nilisahau kitabu juu ya kiti. Kangwa akakiokota. Leo akasoma mbele ya bantu bote: mwishoni Tobo anakimbia, analia mama yake. Mimi sijafika huko! Akaniuliza, eh shemeki, Tonton Douze, ni weye ulilia vile? Madeleine akaanza kuvuta kiti. Nikapiga kelele kwamba ndiyo, nilikimbia, sababu muchawi wetu alificha dawa, na muchawi ni Kangwa! Muchoyo akasahau vita yote ya kiti. Akaruka, akaapa kwamba huo ni uongo, dawa alitoa, tena mbili!
Bantu bakaanguka na kicheko. Basi naye alikuwa pale! Shahidi wa joka, shemeki mwenyewe! Kiti kikarudi.

Siku ya Mungu, 15 Juni.
Nimejifunza: kitabu hakiachwi ovyo. Graciella amenipa cha pili. Sijakifungua, lakini nimekwisha kutangaza kwa Madeleine kwamba ndani yake naoa malkia wa ziwa Mweru. Germaine anasema atakuja kusikiliza. Kangwa sasa anasema dawa alitoa tatu. Vizuri sana! Ngoja nisome kidogo.
Kitabu iko wapi? Nilikuwa nacho pale kwa Madeleine, kwenye kiti.