Kurasa Arobaini za Fundi Mmoja

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu ametangaza: mwezi ukiisha bila wateja wapya, cherehani inauzwa, naye anakwenda kushona sare kiwandani. Mnunuzi keshakuja kuipapasa! Nimekosa raha kabisa. Miaka yote nasinzia kwa mlio wa ile cherehani. Bila huo nyumba itapooza.

Nitaiokoa. Nimeanza kumtengenezea tovuti, kimyakimya. Maneno hayakai tu pale kama kwenye tovuti za wengine. Mgeni akigusa ua jekundu, programu inayaita, yanadondoka moja moja. Kazi safi! Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetafuta mtandaoni. Hatumo. Masharubu, fundi nguo wa ng'ambo ya barabara, yumo, tena juu kabisa!

Nimemwita shemeji, mdogo wake mke wangu, anayeshinda na kompyuta ofisini kwao. Amecheka mpaka kashika ukuta. Eti injini ya kutafuta hupita ikasoma kilichopo, haigusi maua. Kwangu imekuta ua na ukurasa mtupu. Eti hata bila ua, maneno yanayosubiri programu huweza kuchelewa kusomwa. Niyaandike kwenye ukurasa wenyewe. Nimekubali shingo upande. Shemeji hana jicho la urembo.

Jumapili, 9 Juni
Tumo! Nyuma sana, lakini tumo.

Sasa Masharubu atanitambua. Yeye ana ukurasa mmoja, mimi nimetengeneza arobaini. Maneno ni yale yale: "Fundi bora, hachelewi, kazi ya uhakika." Nimebadilisha jina la mtaa tu. Hadi Mtaa wa Makaburi nimeuweka. Atafute pa kupitia! Mke wangu kauliza nacheka nini. Nimesema nimekumbuka kitu.

Jumatano, 12 Juni
Aibu.

Injini imeonyesha ukurasa mmoja tu. Shemeji anasema haijanikasirikia: imeona kurasa zinafanana kama mayai, ikachagua mmoja, nyingine ikaziweka kando. Imechagua wa Makaburi! Simu zikaanza. Wa kwanza kauliza kama tunashona sanda. Waliofuata wote wana vyoo vilivyoziba. Ndipo nilipoona: nimeandika "fundi" mara chungu nzima, sikusema fundi wa nini.

Simu moja ilipokewa na mke wangu mwenyewe. Akamweleza mtu wa watu kwamba yeye ni wa nguo, si wa mabomba. Akanitazama. Kisha akaanza kuipangusa cherehani vumbi, mnunuzi aikute safi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Juni
Shemeji kanikalisha chini. Kafuta kurasa zote, kaniamuru niandike mmoja tu, niseme dada yake anafanya nini hasa. Sina ujanja uliobaki. Nimeandika ninachokijua.

Kwamba anashona magauni, na hasa ya wanawake walioambiwa kwingine kuwa miili yao ni migumu kuvalisha. Kwamba upindo ukienda upande kidogo anaufumua, hata kama mteja hajaona. Kwamba kabla ya kupima huuliza unakwenda wapi na hiyo nguo, na hasahau. Kwamba mumewe hujua siku yake ilikuwaje kwa namna anavyokanyaga cherehani tu.

Ni maneno makavu, hayadondoki wala hayachezi. Sina matumaini.

Jumanne, 18 Juni
Kaja mama mmoja na dada zake wawili, vitambaa mkononi. Kasema ameusoma ukurasa mpaka mwisho. Mke wangu kauliza ukurasa gani, kwa hiyo mama akamsomea, kwa sauti, mbele yangu.

Mke wangu alikaa. Akauliza kama ni mimi niliyeandika. Nikakiri. Akalia, nami nikalia, mama wa watu akajifanya anapima vitambaa. Baadaye mke wangu akampigia mnunuzi kumwambia cherehani haiuzwi. Jioni hii inalia chumba cha pili. Nampenda mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatano, 19 Juni
Mke wangu amesema sentensi ile ya mwisho, ya kukanyaga cherehani, imemgusa moyo. Basi! Nimeiandika kwa rangi mlangoni. Nimeiandika dirishani, kuta zote nne, mifuko yote ya wateja na mgongoni mwa fulana yangu. Shemeji kapita, kaisoma mlangoni, kwingine hakutazama hata kidogo. Anasema ameshaelewa. Wivu huo! Mke wangu naye ameniomba, kwa upole sana, niweke brashi chini.

Imebaki dari.