Kitambaa Chekundu cha Ga

Jumatatu, 4 Desemba 1995

Nimepata kazi! Haina mshahara, lakini ni kazi. Watu wa televisheni wamekuja Musoma kutoka Dar es Salaam kupiga picha za mchezo wa tajiri mmoja wa samaki. Wanataka vijana wawili waliomaliza shule wajifunze kazi za nyuma ya kamera. Mjomba Bernado, ninayekaa kwake hapa Iringo, ndiye anayewapikia. Alinisukuma mbele yao kama mbuzi wa mnadani. Nikaangalia viatu vyangu. Bwana Muharami, mwongozaji, akauliza kama huyu binti huwa anaongea. Mjomba akajibu kwamba Pelagia haongei, ila darasani kwao alikuwa wa kwanza kwa Kiswahili. Ni kweli.

Mwenzangu ni Mwanaharusi, binti wa Mzee Pazi, fundi cherehani. Yeye anatunza nguo za waigizaji. Anaongea na kila mtu. Tayari anamwita Bwana Muharami "kaka". Siku ya kwanza!

Sasa jambo kubwa. Kazi inaisha Jumatatu ijayo, na mmoja wetu atachukuliwa kwenda Dar kuendelea kujifunza. Atakayebaki atarudi kwao. Kwangu hiyo maana yake ni Guta, kwa Shangazi Getruda, kuanika dagaa mpaka matokeo ya mtihani yatoke. Baba alipunguzwa kazini mwaka juzi, na mama ameshatuma neno kutoka Kiriba kwamba mwaka huu hakuna mtu mzima wa kukaa bure.

Sitaki Guta.

Kazi yangu nimeelezwa na Alawi, fundi sauti. Anasema watu wa Mara tunaongeza "ga" mwishoni mwa vitenzi. Nakwendaga, nakulaga, silalagi. Watazamaji wa Dar watacheka mahali pa kulia. Kwa hiyo nitasimama karibu na kamera na kitambaa chekundu. Nikisikia ga, nainua. Wanakata, wanarudia. Sihitaji kusema neno hata moja. Kazi hii iliumbwa kwa ajili yangu.

Isitoshe, mimi mwenyewe sinaga tatizo hilo.

Jumanne, 5 Desemba

Mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, tangu alfajiri. Tajiri anaigizwa na Ryoba, ambaye siku nyingine ni mpiga debe wa stendi. Alichaguliwa kwa sauti. Akisema "karibu", kunguru wanaruka.

Sentensi yake ya kwanza: "Nataka dagaa wangu!" Nikasikia ga. Nikainua. Bwana Muharami akakata, akauliza ni nini. Nikaangalia viatu. Wakarudia. Dagaa tena. Nikainua tena. Halafu "sangara". Nikainua. Halafu "mganga". Hapo mkono ulianza kuuma.

Alawi aliniita pembeni. Akasema, "Mdogo wangu, si kila ga. Ni ile ya mwishoni mwa kitenzi tu. Dagaa ni samaki, si kitenzi." Nikatikisa kichwa. Nilijua hilo. Ni woga tu.

Baada ya hapo nilisikiliza kwa masikio yote. Ryoba akasema, "Mimi huwa nakujaga hapa kila asubuhi." Sentensi safi. Sikuinua. Alawi akavua hedifoni, akanitazama kwa muda mrefu. Ndipo Mwanaharusi, huko kwenye rundo la nguo, akapaza sauti, "Ga hiyo jamani, imepita kama basi!" Watu wote wakacheka.

Kujipendekeza tu. Kazi yake ni nguo.

Jumatano, 6 Desemba

Hakuna kilichopigwa hadi saa nane. Mgao wa umeme, na jenereta imegoma. Nimegundua kwamba "mgao" nayo ina ga. Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sangara. Sahani yote ilikuwa ga. Sijui mtu wa Mara ataongeaje na chakula kama hiki tumboni.

Wamechelewa siku nzima, na nusu ya lawama inakuja kwangu. Kila nikisahau kuinua, wanarudia. Kila nikiinua bure, wanarudia. Bwana Muharami alisema polepole, akitazama mbinguni, kwamba mkanda hauoti shambani.

Nikapata wazo. Ga zikiisha mdomoni mwa Ryoba, kitambaa hakitakuwa na kosa. Nitaonekana hodari. Nitakwenda Dar. Kilichobaki ni kumfundisha.

Tatizo: siwezi kuongea na Ryoba. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia, "Sema, mrembo wa kitambaa!" nikakimbilia chooni. Mara ya pili nilipita tu.

Kwa hiyo nimemtuma Mjomba Bernado. Nimemwambia amweleze Ryoba aache ga. Mjomba alikuwa anasonga ugali, jasho linamtoka. Akauliza, "Ga ipi? Zote?" Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikatikisa kichwa. Akasema haya, atamwambia azitoe zote.

Mpango umekamilika. Mzuri sana kwa mtu aliyeusuka akiwa anatafuna.

Alhamisi, 7 Desemba

Butiama. Tumepiga kwenye nyumba moja chini ya mawe makubwa. Mpiga kamera ameyapenda mawe kuliko waigizaji. Ryoba hakuwa na kazi leo, alikaa kivulini akinong'ona peke yake. Nilipita karibu nikamsikia akisema "kupi, kupi, kupi". Sikuelewa. Nadhani alikuwa anaita kuku.

Halafu ajabu kubwa. Binti aliyepaswa kuigiza mfanyakazi wa nyumbani hakutokea. Bwana Muharami akatazama huku na huku, akanionyesha kidole. Sentensi moja tu: "Baba hayupo, ameenda Bunda." Mwanaharusi akanifunga kitenge, akanipaka mafuta usoni, akaniambia, "Pumua, shoga. Watu hawa hawaumi." Kitambaa akapewa yeye ashike.

Nikafungua mlango. Nikasema vizuri, kwa sauti ya kutosha, "Baba hayupogi, anaendaga Bunda."

Mwanaharusi akainua kitambaa.

Tukarudia. Nikasema hivyo hivyo, taratibu zaidi. Akainua. Mara ya tatu niliongeza tabasamu. Akainua kabla sijamaliza! Mwishowe Bwana Muharami akasema mfanyakazi wa nyumbani atakuwa bubu, atatikisa kichwa tu. Alawi alikuwa amejifunika uso kwa koti.

Wivu ni kitu kibaya. Ningeweza kuonekana na nchi nzima. Ingawa kwa kweli televisheni ya Dar haifiki Musoma. Seti ya hotelini kwao inaonyesha chenga, na mara moja moja Wakenya.

Ijumaa, 8 Desemba

Leo nimelipiza.

Mwanaharusi ndiye anayetunza kofia ya tajiri. Bila kofia ile hawawezi kupiga, maana aliivaa tangu mwanzo. Nikaichukua asubuhi, nikaifukia ndani ya tenga la dagaa pale mwaloni. Nilitaka aitafute, akose, afokewe. Baadaye ningeitokeza mimi.

Aliipata kabla ya chai. Paka alikuwa ameifukua na kuikalia.

Ryoba akaivaa. Magamba yakamshuka hadi kwenye nyusi. Harufu ilifika mpaka kwenye kamera. Akakunja uso, akapumua kwa mdomo, akamwangalia mchuuzi aliyekuwa anaigiza naye kama mtu anayetaka kutapika. Bwana Muharami akapiga makofi. Akasema tangu waanze hajaona tajiri wa samaki wa kweli namna hii. Akauliza nani aliyefikiria kuipaka kofia dagaa. Mwanaharusi akasema hajui, kaka, ameikuta hivyo. Bwana Muharami akamsifu kwa kazi na kwa unyenyekevu pia.

Sikuweza kusema ni mimi. Ningeulizwa kwa nini.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Hatukupiga. Mji wote ulikuwa uwanjani. Wadudu wa ziwani walikuja kama moshi wakaingia kwenye sufuria ya mjomba. Akasema ni kitoweo cha bure.

Alawi alikuja kula. Kasema kesho ndiyo siku yenyewe. Tajiri anasimama stendi ya Bunda juu ya lori, anawaaga watu wake, anawatisha walioiba samaki wake. Mchezo wote unaegemea hapo. Lori limeazimwa kwa saa chache, linakwenda Mwanza. Na kesho hiyo hiyo Bwana Muharami ataamua nani anakwenda Dar.

Nikamuuliza mjomba kwa kunong'ona kama Ryoba amejifunza. Mjomba akasema, "Huyo? Anafanya mazoezi hata akioga. Hutasikia ga hata moja, mwanangu."

Nimepanga nguo zangu za safari.

Jumapili, 10 Desemba

Ningependa kuiandika siku hii haraka.

Bunda. Lori, watu wamejaa, hata juu ya paa la duka. Ryoba amepanda, kofia kichwani, kifua mbele. Nimesimama karibu na kamera, kitambaa mkononi, sina wasiwasi. Maneno yake yalikuwa haya: "Ndugu zangu, nimekuja kuaga. Nimechoka kudanganywa. Dagaa wangu mmewamwaga ziwani. Atakayerudia, nitampiga!"

Ryoba akavuta pumzi. Akanguruma:

"Ndugu zangu, nimekuja kua! Nimechoka kudanywa! Daa wangu mmewamwa ziwani! Atakayerudia, nitampi!"

Halafu mama mmoja akauliza kwa sauti, "Utampi nini?" Stendi nzima ikalipuka. Kijana mmoja alianguka kutoka kwenye paa, hakuumia. Wengine wakaanza kuitikia, "Tupi na sisi, tajiri! Tupi!"

Bwana Muharami akakata. Akaomba arudie kama ilivyoandikwa. Ryoba akarudia vile vile, kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameshakariri. Mara ya tatu alijaribu kurudisha ga, zikarudi mahali pengine: "Ndugaga zangu." Dereva wa lori akapiga honi, akasema Mwanza haimsubiri mtu, akaondoa lori Ryoba akiwa bado juu. Walimshusha mbele kidogo.

Bwana Muharami akaketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe. Akauliza nani alimfundisha mtu huyu kuzungumza hivi. Ryoba akasema kwa fahari, "Si mlisema ga zote zitoke? Bernado kaniletea maagizo ya dada wa kitambaa. Mimi nikipewa kazi, bwana, nafanyaga!"

Watu wote wakanigeukia.

Nikainua kitambaa. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Jumatatu, 11 Desemba

Wameondoka. Mwanaharusi amekwenda nao.

Watu wa Bunda watabaki kwenye mkanda bila sauti. Alawi atamtafuta mtu huko Dar aweke maneno ya Ryoba. Ryoba ameumia sana. Anasema wamemchukua mwili, wakamwachia mdomo.

Bwana Muharami alitutolea hotuba kidogo. Akatushukuru, akasema, "Musoma pazuri, mnapokeaga wageni vizuri." Alawi akacheka mpaka akashika nguzo. Sikuona cha kuchekesha. Ilikuwa hotuba nzuri, Kiswahili cha Dar kabisa.

Halafu Bwana Muharami akaniita pembeni. Hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema mimi ni msichana wa bidii, na kosa ni lake kunipa kazi ile. Akasema, "Mdogo wangu, sikio halisikii lilichokulia nacho. Hata mimi, wiki moja tu hapa, nimeshaanza kusemaga..." Akajiziba mdomo, akaenda kwenye gari. Sijui kwa nini aliacha sentensi katikati. Ilikuwa inaendelea vizuri.

Mwanaharusi alikuja kuniaga. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Usinichukie, shoga. Siku ile Butiama ulikuwa unasema ga kweli. Kila mara." Macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia safari njema. Nilitaka kumwambia mengine lakini nikaangalia viatu. Vyake vilikuwa vipya.

Nililia kidogo nyuma ya sufuria za mjomba. Moshi pia ulikuwepo.

Jumatano, 20 Desemba

Guta. Asubuhi naanika dagaa, mchana nawageuza, jioni nawakusanya mvua isiwapate. Shangazi Getruda ananiita "msomi". Msomi, fukuza kuku. Msomi, shika upande huo wa turubai.

Lakini nimefikiria sana, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa la Mjomba Bernado. Na la Ryoba. Watu hawa hawakupata mafunzo mapema. Mtu akifundishwa Kiswahili sanifu kabla ya kuwekwa mbele ya kamera, hakuna atakayeaibika. Siku watu wa televisheni watakaporudi Mara watakuta waigizaji tayari, na watauliza nani aliyewaandaa.

Kwa hiyo ninaanzisha darasa. Chini ya paa la banda la dagaa, saa kumi jioni. Sitahitaji kuongea sana. Nitaandika, wao watasoma.

Shangazi alinipa bati la zamani, nikachora tangazo kwa rangi ya mtumbwi, herufi kubwa, na kulisimamisha kando ya barabara: HAPA TUNAFUNDISHAGA KISWAHILI SANIFU. Nimelikagua mara kadhaa. Halina kosa. Shangazi amelisoma, akasema limetulia. Wavuvi wamelisoma, wakavua kofia.

Ila leo basi lilisimama hapa kuongeza maji. Abiria mmoja akashuka, mgeni, mwenye miwani. Akalisoma. Akacheka mpaka akalishika bati ili asianguke, akawaita wenzake nao waje waone. Shangazi akaniuliza mtu yule anacheka nini.

Nikamwambia ndio hao hao wanaohitaji darasa. Huwa wanaonaga aibu tu kujiandikisha.