Nani Kavujisha Ndoo Tatu?

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema! Mkuu wa Chuo ametangaza kamati mpya. Inaitwa Kamati ya Tathmini na Usawa. Kazi yake ni kuyatazama matokeo ya mitihani na kujua kwa nini wanafunzi wanaofanya kazi baada ya masomo wanaanguka zaidi kuliko wenzao. Mkuu akasema anataka walimu wenyewe waongoze, si yeye. Kisha akadondosha la maana. Atakayeongoza vizuri atapewa ile ofisi ya ghorofani yenye dirisha.

Dirisha! Miaka yote hii nagawana chumba na mashine ya fotokopi. Inapumua joto. Inakohoa. Kila mwenye karatasi anaingia bila hodi, anasukuma kiti changu na mimi nikiwa juu yake, ananiuliza wino uko wapi. Mimi, mwalimu wa Misingi ya Uongozi!

Nilinyoosha mkono kabla Mkuu hajafunga mdomo. Mwalimu wa Takwimu, yule tunayemwita Mama Grafu, naye akanyoosha, ila taratibu, kama anayeomba apitishiwe chumvi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi mwenyekiti, yeye katibu.

Nyumbani mke wangu hakupiga vigelegele. Aliuliza tu kamati hiyo itamsaidiaje mdogo wake. Shemeji yangu huyu anaishi nasi. Yuko mwaka wa kwanza, na jioni anafanya kazi kiwanda cha mikate. Ameanguka somo moja tu. Langu. Akianguka tena mwezi huu anafutwa chuo. Nikasema siwezi kumpendelea ndugu, mimi ni mtu wa haki. Mke wangu akasema basi haki yangu niilalie sebuleni.

Kochi ni fupi.

Jumanne, 5 Machi

Kikao cha kwanza. Nilikuwa na hotuba nzuri juu ya dira. Sikuisoma. Mama Grafu alikuja na stika za rangi na karatasi za mitihani ya masomo yote, akasema tusitazame jumla ya alama, tutazame swali moja moja. Kijani kwa aliyepata, nyekundu kwa aliyekosa. Wanaofanya kazi juu, wasiofanya kazi chini. Akabandika ukuta mzima wa chumba changu. Hata mashine ilipata stika.

Masomo mengine rangi zilichanganyika, huku na huku. Langu nalo lilichanganyika, isipokuwa swali la nne na la saba. Pale, juu ni wekundu mtupu. Chini ni kijani kitupu.

Mama Grafu akaniuliza kwa upole maswali yale mawili niliyafundishaje. Nikamjibu kama ninavyofundisha mengine, yaani vizuri. Lakini kichwa kilikuwa kinachemka. Kijani kitupu! Hata yule anayelala darasani mdomo wazi kapata! Katika somo langu watu hawapati namna hiyo kwa njia ya halali.

Nimeng'amua. Mtihani ulivuja! Kuna mtu anawauzia hawa wenye nafasi, na akina shemeji wanaonewa. Nikimkamata mwizi huyo, dirisha ni langu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu. Nimemwambia mwizi nitamleta mbele ya kikao cha walimu wote. Akionekana ni mwalimu, nikasema, asimame aombe radhi hadharani, na cheo chochote alichonacho avuliwe. Mkuu aliniuliza mara mbili kama nataka liandikwe hivyo. Nikasema liandikwe kwa herufi kubwa.

Mama Grafu akapendekeza tuwaulize wanafunzi wenyewe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nani anamuuliza fisi aliyekula mbuzi?

Washukiwa ni wawili. Fundi wa mashine, kwa sababu anapiga mluzi. Na Mama Grafu, kwa sababu hapigi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetega mtego. Mtego wa karne! Jumatatu nitatoa jaribio, na ndani yake nitaweka swali juu ya Nadharia ya Ndoo Tatu. Haimo kwenye kitabu chochote. Nimeitunga mwenyewe nikiwa bafuni. Kiongozi ana ndoo ya kusikilizia, ndoo ya kusemea, na ndoo iliyotoboka, ambayo ndiyo ya kuwekea sifa zake. Nikaipenda mno. Duniani anayeijua ni mimi peke yangu. Mwanafunzi akiijibu, basi droo yangu imeibiwa.

Swali nimeliandika kwa mkono. Mashine haikuliona. Nikalifungia kwenye droo, nikabandika unywele wangu kwenye mwanya wake, ufunguo nikaufunga kwa uzi, nikauvaa shingoni ndani ya shati. Mke wangu ameuliza ni hirizi ya nini. Nimefunga kifungo cha juu. Ndoa ina siri zake.

Kabla ya kwenda kazini shemeji aliniomba nimweleze tu jaribio litaangalia mambo gani. Nikamwambia asome yote. Akasema, "Shemeji, yote nimeshasoma mara mbili." Nikamwambia asome ya tatu. Akafunga begi lake, akatoka. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Lakini haki ni haki. Nikikohoa tu mbele yake watu watasema nimempa jibu.

Ijumaa, 8 Machi

Kipindi cha mwisho. Kengele ilipolia wale wa kazini walitoka mbio kama kawaida, shemeji mbele, aproni inaning'inia begini. Wanaopenda elimu wakabaki.

Hiki kikao changu cha Ijumaa ndiyo raha yangu ya wiki nzima. Nakaa juu ya meza, tunapiga soga. Nawachokoza kidogo hapa na pale. Nawaambia, kwa mfano, usiku mkiota ndoto mbaya ya mtihani, mtaota hatua za kufanya uamuzi. Ni utani tu. Wananiita Mwalimu Dokezo. Sijawahi kuuliza kwa nini. Nadhani ni busara.

Leo nilikuwa na furaha ya mtego wangu, nikawasimulia zile ndoo. Bila kutaja jaribio! Nilikonyeza jicho tu. Wakacheka. Wakaandika. Waliandika mno, mmoja akaniomba nirudie ile ya tundu, nikairudia na kuichora ubaoni. Vijana wenye kiu! Laiti wale wanaokimbia nao wangekuwa na kiu hii.

Jumatatu, 11 Machi

Jaribio limefanyika. Kufuli halijaguswa. Unywele uko palepale. Nikasahihisha jikoni.

Wamejibu! Wote wale wa kijani! Ndoo ya kwanza, ya pili, na ya tatu na tundu lake! Wengine wamechora picha, tena tundu liko upande uleule nilioufikiria mimi! Huyu si mwizi wa kawaida. Huyu anaingia kichwani mwa mtu.

Wa kazini wamekosa wote. Kwenye karatasi ya shemeji nimekuta mstari mmoja: "Hili hatujafundishwa, Mwalimu. Samahani." Roho iliniuma. Nikaweka sifuri kwa wino mwekundu, nikaapa kumlipizia kwa huyo mwizi.

Nimemwomba Mkuu aitishe kikao. Kisha nimepanda ghorofani na utepe wa fundi cherehani kupima dirisha kwa ajili ya pazia.

Jumatano, 13 Machi

Naandika kwa shida.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa suti ya harusi. Nikaanza na kikulacho ki nguoni mwako, nikamkazia macho Mama Grafu ili ajisikie vibaya. Nikaeleza droo, kufuli, unywele. Unywele uliwagusa sana. Nikasema anayewaibia wanyonge haki yao yumo humu ndani, anapumua kama sisi, na namwomba asimame mwenyewe kabla sijamsimamisha.

Hakusimama mtu. Nilibaki nimesimama mimi.

Ndipo Mama Grafu akaomba kiongozi wa darasa langu aitwe. Binti mwenye adabu, hakosi Ijumaa hata moja. Akamuuliza walizijuaje ndoo tatu. Binti akashangaa. "Si Mwalimu mwenyewe alituambia Ijumaa? Akatuchorea na ubaoni."

Akaulizwa, na lile swali la nne? Na la saba? Akasema hayo pia, mbona kila Ijumaa anatupa dokezo, ndiyo maana tunamwita hivyo. Akaulizwa, na wenzenu wanaofanya kazi? Akasema wao wakati huo huwa wameshaondoka.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mkuu akafungua faili na kunisomea sharti langu mwenyewe, lile la herufi kubwa. Basi nikaomba radhi hadharani. Nilipoinama, ufunguo ukachomoka shatini ukawa unaning'inia mbele ya walimu wote. Uenyekiti nimevuliwa papo hapo.

Mama Grafu, aliyekuwa na haki ya kunikanyaga, hakunikanyaga. Alisema hadhani nilikusudia ubaya, na kila mmoja wetu huenda ana Ijumaa yake asiyoijua, kwa hiyo kila mtu akatazame ya kwake. Walimu kadhaa wakaangalia viatu vyao. Ikaamuliwa darasa langu lirudie mtihani, na yatakayopimwa yaandikwe ubaoni asubuhi, wakati wote wapo, na yafundishwe papo hapo.

Nyumbani habari ilinitangulia. Mke wangu alisema nyani haoni kundule, akaenda zake kulala. Shemeji aliniwekea mkate mezani na kisu pembeni. Nilikuwa nimemwambia asome mara ya tatu. Niliona aibu, aibu hasa, nikaula mkate wote nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 14 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, kama mtaalamu. Nani aligundua kuwa mtihani unavuja? Mimi. Nani alitega mtego? Mimi. Mtego ulinasa au haukunasa? Ulinasa! Tena siku ya kwanza! Chuoni hapa hakujawahi kuwa na upelelezi uliofanikiwa namna hii. Kwamba aliyenaswa ni mimi ni jambo dogo la kiufundi.

Nimemweleza Mkuu hivyo. Amenionyesha mlango.

Ijumaa, 22 Machi

Wiki nzima nimeandika ubaoni asubuhi kama nilivyoagizwa, Mama Grafu amekaa nyuma anatazama. Jana wakarudia mtihani. Leo stika zimebandikwa upya. Juu na chini rangi zimechanganyika mpaka huwezi kujua nani ni nani. Yule anayelala mdomo wazi kaanguka. Nilisikitika kidogo, tulizoeana.

Na shemeji kapita! Kapita vizuri, kawapita wengi wa Ijumaa! Alikuja mbio chumbani kwangu kutoka kiwandani, unga bado mikononi, akasema, "Shemeji, sifutwi!" Nilirukaruka naye. Kwa dakika nzima sikukumbuka dirisha. Nikakanyaga waya, mashine ikazimika, ikawa kimya kitamu ajabu, halafu watu wenye karatasi wakaja kunigombeza.

Mke wangu amerudisha mto wangu chumbani.

Mama Grafu amehamia ghorofani. Nilimpa vipimo vya pazia. Limekaa sawasawa, na angalau anajua vipimo ni vya nani.

Jumatatu, 25 Machi

Nina wazo! Sijui kwa nini halikunijia mapema.

Katibu wa Mkuu amenong'ona kwamba chumba cha jirani na Mama Grafu kitakuwa wazi. Kina dirisha dogo, lakini dirisha ni dirisha. Mkuu anakitafutia mwalimu mwenye moyo wa usawa. Sasa, ni nani chuoni hapa aliyeumia kwa ajili ya usawa kunishinda mimi?

Naanzisha Chama cha Usawa. Nitawafundisha wanafunzi, hasa hawa wanaofanya kazi, jinsi ya kuzidai haki zao. Nimeshabandika tangazo, kubwa, juu ya mashine. Kikao cha kwanza ni Ijumaa hii, mara tu baada ya kengele ya mwisho.

Shemeji amelisoma. Akauliza kama haiwezekani kiwe asubuhi, maana Ijumaa wao huwa wameshakwenda kazini. Nimemwambia kwa upole kwamba usawa unataka watu wa kujitoa, mwenye nia atabaki. Ameenda kumwita dada yake.

Na kwa watakaobaki, nimefikiria kuwashukuru kidogo. Nitawachokoza tu. Mtihani wa mwisho wa mwaka una swali moja tamu sana.